Tanzia Iliyokatwa Mkia

Mwenye mtoto aliyejaliwa kipaji cha kompyuta na akisome kisa hiki mpaka mwisho, asiishie katikati, maana hata balaa lenyewe lilitokana na kuishia katikati.

Pili, ambaye watu wote humwita Mama Faidha, anauza uji na maandazi karibu na geti la hospitali, Mkomaindo, mjini Masasi. Wateja wake ni watu wanaouguza: wametoka Newala, wametoka Tandahimba, wengine wametoka vijiji ambavyo hata kondakta wa basi anauliza viko wapi. Kwa hiyo Pili anajua habari za uwanda wote wanakotoka bila kutoka kwenye kigoda chake. Ila kompyuta hakuwa anaijua. Yeye alimaliza la saba akaolewa, na kompyuta kwake kilikuwa kitu anachokiona ofisini, mbele ya mtu anayekuambia uje kesho.

Sasa kompyuta hiyo ikaingia nyumbani kwake. Aliileta binti yake, Faidha, aliporudi kutoka chuo Mtwara. Laptopu yenyewe imechoka, imebanduka kitufe kimoja, inawekwa sebuleni karibu na gunia la unga na lazima iwe imechomekwa ukutani, ukiichomoa inazima kama mshumaa uliopulizwa. Pili alidhani ni ya kuangalia filamu. Akawa anapita anachungulia, anaona maandishi tu, meupe kwenye weusi, yanapanda kama sisimizi.

"Faidha, hicho unachoangalia hakina picha?"

"Hakina, mama. Naandika programu."

"Ya nini?"

"Ya kuchota habari."

Hapo ndipo Pili alipovuta mkeka akakaa. Yeye amezaliwa Newala, na mtoto wa kike aliyezaliwa Newala zamani zile ukimtajia neno kuchota, anajua unasema nini. Kuchota ilikuwa kushuka bonde lote hadi chini kwenye chemchemi, kukaa foleni kungoja kisima kijae tena, kisha kupanda na ndoo kichwani huku magoti yanalia. Akamsikiliza mwanawe kwa makini.

Faidha alimweleza hivi. Habari za kwetu zipo mtandaoni, lakini zimetawanyika. Mnada wa korosho umetangazwa huku, katizo la umeme limetangazwa kule, basi la Mtwara limebadilisha saa na aliyeandika ni kijana mmoja tu kwenye ukurasa wake. Mkulima akitaka yote afungue moja baada ya nyingine, na kabla hajafika ya tatu bando limekata. Sasa programu hii, aliyoipa jina la Mchotaji, kila nusu saa inazizungukia tovuti zote hizo yenyewe. Inatafuta maneno iliyoagizwa: mnada, korosho, maji, umeme, basi, matokeo. Ikikuta, inachota, inapanga, inabandika kwenye blogu moja inayoitwa Kwetu Leo. Faidha anaweza kuwa amelala, anaweza kuwa anafua, habari zinaingia tu.

"Inakwenda na miguu gani?" Pili akauliza.

Faidha akacheka. "Haina miguu, mama. Inaomba ukurasa kama wewe unavyoomba kwenye simu. Ila wewe unahangaika na mapicha na matangazo ya dawa za nguvu za kiume. Yenyewe inaruka hayo yote, inachambua maneno peke yake."

"Na ikikuta uongo?"

"Inachota kilichopo."

Jibu hilo lilimkaa Pili kooni kama mwiba mdogo wa samaki. Lakini siku hiyo alilimeza, kwa sababu mbele ya macho yake blogu ilijisogeza na habari mpya ikakaa juu, safi, na kichwa chake cheusi, na hakuna mkono uliogusa. Akasema "Subhanallah!" kwa sauti. Mwanawe yule yule aliyekuwa akitumwa chumvi anarudi na kiberiti!

Na kusema kweli, kazi ile ilikuwa ya kuvutia, hata mtu mwenye wivu angekiri. Msimu wa korosho ulipofika, mnada mmoja wa Tandahimba uliahirishwa ghafla. Wakulima waliokuwa wakisoma Kwetu Leo walibaki majumbani kwao. Wasiosoma walikwenda wakapigwa na jua mbele ya ghala lililofungwa. Kuanzia hapo jina likavuma. Watu wa uwanda waliohamia Dar, wengine hawajarudi tangu wazikwe babu zao, wakawa wanaamka na blogu hiyo. Pili naye hakukaa kimya. Kila aliyenunua uji aliambiwa.

"Una simu ya kupangusa wewe? Lete nikuonyeshe kitu. Hii kaunda mwanangu."

Ndiye Pili pia aliyesema, "Weka na misiba." Faidha hakuwa amefikiria. Lakini mama yake aliona mbali. Watu wetu wametawanyika, na mtu kukosa mazishi ya kwao ni aibu inayomfuata mpaka na yeye azikwe. Basi Faidha akaliongeza neno tanzia kwenye maagizo, na ukurasa wa misiba ukawa ndio unaosomwa kuliko kurasa zote.

Mwanzoni Mchotaji alikuwa akichota habari nzima, toka kichwa hadi nukta ya mwisho. Kisha akapiga simu mwanamke mmoja wa Tandahimba, anaitwa Veridiana, mwenye ukurasa wake wa habari za minada. Alipiga mchana, wakati Pili na Faidha wako mezani, na sauti yake ilitoka kwenye simu ikajaza sebule.

"Wewe ndiye Kwetu Leo? Mimi naamka alfajiri, napanda bodaboda, nasimama ghalani na vumbi lote lile, naandika. Wewe umekaa kwenye kiti unachukua chote! Watu wanasoma kwako, kwangu haji mtu. Huo ni ustaarabu wa wapi, mdogo wangu?"

Faidha aliweka tonge chini. Hakujitetea. "Samahani, dada. Umesema kweli. Nipe leo tu nirekebishe."

Na akarekebisha. Akamwagiza Mchotaji kwamba kuanzia sasa achukue kichwa cha habari na sentensi mbili za mwanzo, basi. Chini yake kuwe na jina la aliyeandika na mahali pa kubonyeza, msomaji aende akamalizie kwa mwenyewe. Veridiana akaridhika, hata akawa anawasalimia siku za Jumapili. Pili alimwona mwanawe amefanya jambo la heshima, na lilikuwa la heshima. Mnaweza kuona wenyewe kwamba hapakuwa na mtu mbaya katika kisa hiki. Ndiyo maana kinatisha.

Twende sasa Chilangala. Huko kuna mtu anaitwa Suleimani Halfani, mkulima wa korosho, mrefu, mwenye tumbo kidogo, na ana mtani wake anaitwa Erasto. Watu hawa wametaniana tangu utotoni kama baba zao walivyotaniana. Wakikutana njiani lazima mmoja amnyang'anye mwenzake kofia. Zamani walitukanana sokoni. Siku hizi wanatukanana kwenye ukurasa wa Wana-Chilangala, ambao Mchotaji huupitia. Mwezi mmoja kabla ya tukio, Suleimani alimzika Erasto. Aliandika tanzia ndefu kwamba Erasto amefariki kwa kumwogopa mkewe, na kwamba mkewe mwenyewe ameomba msiba uwe mfupi ana kazi. Mchotaji akachota yote, akabandika yote, watu wakacheka hadi Dar. Faidha naye alicheka, akaiondoa mwenyewe kwenye misiba, akasahau.

Baada ya hapo ndipo Veridiana alipopiga simu, na habari zikaanza kukatwa.

Mama yake Suleimani, Bi Rahima, alikuwa amekuja Masasi kumtembelea mjukuu wake, Zuhra, aliyeolewa mtaa wa Mkomaindo, jirani na hospitali. Zuhra ni binti wa Suleimani huyo huyo. Bibi hakumaliza wiki, presha ikampanda, akalazwa. Suleimani akasema atakuja Ijumaa, kwa kuwa ulikuwa wakati wa kupulizia salfa na mikorosho haingoji. Ua likishashikwa na ugonjwa, msimu umekwenda. Pili akawa anampelekea bibi uji usio na sukari kila asubuhi, na kwenye simu ya Zuhra alishafungua Kwetu Leo kwa mkono wake mwenyewe.

Asubuhi hiyo alimkuta Bi Rahima ameketi, amejifunga khanga kichwani, ana nafuu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Uji huo bado unautia ukali wa ndimu au leo umenihurumia?"

"Nimekuhurumia nusu."

"Nusu! Haya, lete. Zuhra, nisomee za kwetu huku nakunywa. Suleimani ananiambia salfa waliyoletewa haitoshi, nisikie kama wamesema kitu."

Zuhra akafungua simu. Akasoma habari ya salfa. Akasoma ya maji. Kisha akasoma, kwa sauti ile ile, kama mtu anayeshuka ngazi gizani bila kujua kwamba ngazi imekatika:

"Tanzia. Kwa masikitiko makubwa tunatangaza kifo cha ndugu yetu Suleimani Halfani wa Chilangala, kilichotokea jana jioni. Mazishi ni leo baada ya adhuhuri."

Akakitazama tena kioo. Halafu akapiga yowe hadi wodi nzima ikageuka.

Kikombe kilimtoka Bi Rahima. Hakulia. Alishika ubao wa kitanda kwa mikono miwili, midomo inacheza, na macho ameyatoa pale pale Zuhra alipokuwa anasoma. Muuguzi akaja mbio, akamfunga mashine ya presha mkononi, akatazama, akatazama tena. Akamwambia Pili pembeni, "Huyu apate utulivu sasa hivi. Ikipanda zaidi ya hapa tunampoteza."

Zuhra yuko sakafuni. "Mama Faidha," anasema, "si ndiyo ile ya mwanao? Ile uliyonifungulia wewe?"

"Ndiyo," Pili akasema. Akatoka hadi kwenye korido akampigia mwanawe.

"Faidha! Suleimani wa Chilangala amekufa?"

"Suleimani yupi?"

"Mashine yako imemuua! Fungua uangalie, mama yake yuko hapa mbele yangu anakata roho!"

Akasikia vidole vikigonga vitufe. Akasikia Faidha anavuta pumzi. Kule kwenye ukurasa wa Wana-Chilangala tanzia haikuishia kwenye mazishi. Iliendelea, na Faidha akaisoma kwa sauti: "Marehemu alifariki nyumbani kwa Erasto, mdomoni mna tonge la watu, mkononi ameshika lingine. Sanda asipewe, ataiuza. Kaburi lichimbwe pana upande wa tumbo. Waombolezaji mje na chakula chenu, huyu hajawahi kumlisha mtu."

"Ni utani, mama," Faidha akasema, na tayari alikuwa analia. "Ni Erasto analipiza. Mchotaji amekata sentensi mbili za mwanzo. Mkia wote umebaki kule."

Pili alirudi wodini anakimbia, anacheka na kulia kwa pamoja. "Bibi! Suleimani mzima! Ni utani wa Erasto! Yuko hai, mwanao yuko hai!"

Na hapa msomaji asimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo shimo lilipokuwa. Sisi kwetu mgonjwa haambiwi msiba. Hata mtoto wake afe, ataambiwa yuko salama, ana homa kidogo, anakusalimia, mpaka apone ndipo wazee wakae naye. Bi Rahima amewahi kuwaficha wagonjwa wengi hivyo hivyo, kwa uso mkavu. Alimtazama Pili kwa huruma.

"Mwanangu," akasema polepole, "hata mimi nilimwambia dada yangu hivyo. Kwamba mumewe yuko hai. Niliapa."

"Bibi, wallahi..."

"Niliapa hivyo hivyo."

Akalala chali akageukia ukuta. Pili alimsomea tanzia yote toka kwenye simu, na utani wake. Bibi akasema wameitunga sasa hivi koridoni. Zuhra, ambaye sasa alikuwa ameelewa, akajikaza acheke ili bibi aone, bibi akasema, "Mtazame anavyojilazimisha, maskini." Kila walivyozidi kukana, ndivyo mtu wao alivyozidi kufa. Muuguzi akapima tena, akatikisa kichwa.

Ilibaki dawa moja tu: sauti ya Suleimani mwenyewe. Zuhra akapiga. Simu inaita, haipokelewi. Akapiga tena, inaita tu. Na bibi anasikia, maana wodi ilikuwa kimya. Simu ya mtu inayoita bila kupokelewa siku yalipotangazwa mazishi yake, nani ataambiwa nini aamini?

Suleimani alikuwa shambani anapuliza salfa. Mashine ya kupulizia inavaliwa mgongoni, inanguruma kuliko pikipiki mbovu, na simu haendi nayo mtu shambani, unga wa salfa unaiharibu. Simu yake ilikuwa nyumbani, ndani ya chungu. Majirani wanaosikia ikiita hawaingii nyumba ya mtu.

Pili akampigia Faidha tena. Alikusudia kumwambia azime ile mashine aitupe chooni. Ndivyo alivyokusudia. Lakini aliposikia sauti ya mwanawe, lililomtoka ni jingine.

"Wewe si una watu wengi wanaosoma?"

"Wengi, mama."

"Basi watume. Waambie wamtafute. Bibi anataka sauti yake, na anaitaka kabla moyo haujapasuka."

Faidha aliiondoa tanzia. Mahali pake, juu kabisa, akaandika kwa mkono wake, bila Mchotaji: Suleimani Halfani wa Chilangala yu hai, yuko shambani anapuliza salfa. Kosa ni letu. Mama yake amelazwa Masasi, amesikia uongo huu, hali yake ni mbaya. Aliye karibu amkimbilie, amwambie apigie simu hii sasa hivi. Akaweka namba ya Pili.

Pili alisimama katikati ya wodi ameshika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika yai. Alikuwa ameilaani blogu ile muda si mrefu, na sasa hakuwa na pengine pa kutegemea. Simu ikaanza kuita. Mtu wa Dar: "Nimepiga kwa shemeji yangu Chilangala, anatoka sasa." Mwingine, Newala: "Mama, shamba lake ni lile la bondeni au la barabarani?" Zuhra akajibu, la bondeni. Veridiana akapiga kutoka Tandahimba. "Nimeibandika na kwangu. Usilie, Mama Faidha. Wasomaji wangu wanaojua Chilangala ni wengi." Watu ambao hawajaonana kamwe walikuwa wanamsaka mtu mmoja kwenye mikorosho, na Pili, pamoja na hofu yake yote, alihisi kitu kama fahari kinampanda kifuani. Aliona aibu kukihisi, ila kilikuwepo.

Aliyemfikia ni dereva wa bodaboda, Twahiru. Alikuwa kijiweni anangoja abiria, anasoma Kwetu Leo. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alisikia mngurumo wa mashine kabla ya kumwona mtu, akaingia katikati ya wingu la salfa, na kilichojitokeza humo ndani kilikuwa cheupe kwa manjano kuanzia nyusi mpaka viatu. "Nikasema huyu kweli amekufa, na ametoka!"

Simu ya Pili ikaita kwa namba ngeni. Akaiweka kwenye sikio la Bi Rahima.

"Mama!" Sauti ilikuwa imekauka kwa vumbi. "Mama, shikamoo. Una nini?"

Bibi hakuitikia. Aliifunga mikono kwenye khanga. "Wewe ni nani?"

"Mimi Suleimani."

"Wanaweza kumweka yeyote aseme hivyo."

"Mama, jamani! Nimeacha mashine inawaka kule, petroli inakwisha bure, na huyu Twahiru ananidai nauli na mimi sikumwita! Mnataka nini huko?"

Uso wa Bi Rahima ukaanza kufunguka, taratibu, kuanzia pembe za mdomo.

"Ndiye," akasema. "Ndiye huyu. Maiti gani inalilia petroli!" Ndipo alipolia, kwa sauti, machozi yote aliyoyazuia, na wodi nzima ikalia naye, hata muuguzi, aliyesema macho yanamwasha.

Presha haikushuka yote siku ile, ilishuka kidogo kidogo, na mkono wake wa kushoto ulibaki unatetemeka. Mpaka leo akishika kikombe unatetemeka. Neno hilo nalo lisisahauliwe na wenye watoto hodari. Mtu alipona, lakini hakurudi mzima kama alivyokuwa.

Kule Chilangala, Suleimani alipofika nyumbani alikuta watu uani, waliosoma tanzia kabla haijaondolewa, wametandika mikeka, wengine wameleta unga na kuni. Erasto alikuwa amekaa peke yake pembezoni, ameinama. Aliposikia habari za mama yake mtani wake, alikuwa ametaka kukimbia kijiji.

"Nimeua," alisema.

"Umeua nani?" Suleimani akamwuliza, bado ana salfa kwenye nyusi. "Unga wameleta watu wangu. Inuka upike, kwa kuwa wewe hukuja na kitu."

Siku iliyofuata wote wawili walipanda basi la Masasi. Erasto aliingia wodini kwa magoti, na hakuwa anatania. Bi Rahima alimwacha apige magoti mpaka alipotosheka.

"Erasto."

"Naam, mama."

"Ulimzika mwanangu, na mimi mama yake hukuniletea hata habari?"

Wodi ikaangua kicheko. Alitozwa kuku, kama anavyotozwa mtani aliyevuka mpaka, na aliambiwa awe jogoo.

Faidha naye alikuja, amefunga mtandio hadi kwenye nyusi. Alimsalimia bibi. Alikuwa amekwisha kuamua kuizima Kwetu Leo na kutafuta kazi ya dukani.

"Ndiye wewe mwenye mashine?" bibi akamwuliza.

"Ndiye mimi, bibi. Naizima."

"Uizime kwa nini? Iliyompata mwanangu shambani ni ipi?"

"Hiyo hiyo. Ila na iliyomuua ni hiyo hiyo."

"Haya sasa. Mtoto akimwaga maji humkati mikono." Bibi akamtazama Pili. "Na wewe mama yake, acha kuganda hapo. Mashine haina utani na mtu, itajuaje? Si kazi yenu kuijulia?"

Faidha akakaa na jambo hilo. Alilokuja kulifanya ni hili: habari za mnada na umeme Mchotaji anaendelea kuzibandika mwenyewe, zikikosewa zinarekebishika. Lakini akikuta neno tanzia, hagusi blogu. Anasimama, anatuma ujumbe kwenye simu ya Pili, anangoja. Pili anatafuta namba ya nyumba yenye msiba, anapiga, anasikia kwa masikio yake. Faidha alimwambia kazi hiyo ifanywe na mama, kwa kuwa akipiga yeye, msichana asiyejulikana, ataulizwa wewe nani.

Kwa hiyo mama mwenye wasiwasi alipata kazi inayolingana na wasiwasi wake. Bado hamwamini Mchotaji. Anamtazama kama mtoto hodari wa jirani: unamsifu, na macho huyabandui.

Juzi asubuhi, foleni ya uji imefika barabarani, simu ikalia. Ujumbe ulikuwa wa tanzia, Newala, jina la mwanamume, mazishi saa kumi. Pili akaweka upawa pembeni, akatafuta mjumbe wa mtaa ule, akapewa namba, akapiga.

Ilipokelewa na mwanamke.

"Habari za huko, dada. Mimi naitwa Mama Faidha, nipo Masasi. Kuna tangazo tumeliona, nikasema nisikie kwenu wenyewe kabla halijakwenda kwa watu."

Upande wa pili palikuwa na sauti za mikeka inayokung'utwa, na mtoto anayeuliza kitu asichojibiwa.

"Ni kweli, mama," yule mwanamke akasema. "Ni mume wangu. Alfajiri."

"Pole, mama. Pole sana." Pili akakaa. Hakukata simu, na yule mwanamke naye hakukata. Akawa anaeleza, jinsi alivyokohoa, jinsi alivyoomba maji, na Pili anaitikia.

"Mama Faidha!" mteja mmoja akapaza sauti. "Uji unashika chini!"

Pili akampungia mkono anyamaze. Mchotaji, kule nyumbani sebuleni karibu na gunia la unga, alikuwa anangoja.